Sura ya 6: Feni Inazunguka, Kompyuta Haiwaki

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, wa kwanza kushukiwa ni pawa saplai. Na ndiyo inayoachiwa haraka kuliko kifaa kingine chochote, kwa ushahidi mmoja tu: feni imezunguka. Fundi anabonyeza kitufe, anasikia upepo ukitoka nyuma ya kasha, anasema "moto upo," kisha anahamia kwenye ramu, kwenye prosesa, kwenye madabodi. Jioni mwenye kompyuta anaambiwa madabodi imekufa, atafute nyingine. Anaitafuta, anailipia, inafungwa, na tatizo linabaki palepale.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Kompyuta inajizima yenyewe kila ikifika saa moja jioni. Pawa saplai inang'olewa na kutupwa, mpya inafungwa, na kesho yake saa moja jioni kompyuta inazima tena, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kwenye soketi ya ukutani. Makosa yote mawili yanatokana na kuuliza swali lisilofaa. Tunauliza kama pawa saplai ni nzima au imekufa, ilhali kati ya uzima na kifo chake pana hali nyingi, na kompyuta nyingi zinazofikishwa kwa fundi zimo humo katikati. Feni ya volti 12 huzunguka hata ikipewa volti 7. Prosesa haina uvumilivu huo.

Tuanze na kazi ya sanduku lenyewe, maana vipimo vyote vinatokana na hapo. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, wa AC, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Hizo 230 ni kipimo cha kufanyia hesabu. Kilele cha kila wimbi hufika volti 325 hivi. Ukiingia kwenye pawa saplai, umeme huo hupita kwenye fyuzi na kichujio, kisha kwenye daiodi zinazougeuza kuwa DC, kisha huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Katika pawa saplai nyingi za kisasa, ambazo huupandisha umeme huo kwanza, kapasita hiyo hukaa na volti kati ya 380 na 400. Transista huukata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili wa transfoma ndiko zinakopatikana volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na kompyuta. Ukataji huo wa kasi ndio unaoiwezesha transfoma kuenea kiganjani. Ya kizamani, inayofanya kazi kwa mizunguko 50, ingekuwa na uzito wa kilo kadhaa kwa uwezo uleule. Mhandisi Rod Holt aliitumia mbinu hii kwenye Apple II iliyotoka mwaka 1977. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na pawa saplai ya wati 63.5 tu. Leo plagi moja ya kadi ya grafiki imeundwa kupitisha hadi wati 600.

Kapasita hiyo kubwa ndiyo sababu sura hii haifundishi kufungua sanduku. Inaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa ukutani, na volti 400 za DC zinaua mtu. Nimeona vijana wakiigusisha bisibisi kapasita "ili kuitoa moto," cheche zinaruka, wenzao wanacheka. Tafadhali usifanye hivyo, na ukiwa na mwanafunzi karakanani kwako usimruhusu. Vipimo vyote vitakavyofuata vinafanyika nje ya sanduku, karibu vyote kwenye nyaya za volti ndogo, na vinatosha kabisa kuamua kama pawa saplai ndiyo yenye hatia.

Nyaya hizo zilipata mpangilio wake wa sasa mwaka 1995, Intel ilipotoa muundo wa ATX. Kabla ya hapo kompyuta za aina ya AT zilikuwa na plagi mbili za madabodi, P8 na P9, zilizofanana umbo. Aliyezichomeka kwa kuzibadilishia nafasi aliweza kuiunguza madabodi, ndiyo maana mafundi wa wakati ule walihimizana nyaya nyeusi zikutane katikati. Kitufe cha kuwashia nacho kilikata umeme wenyewe wa ukutani. ATX iliondoa yote mawili. Plagi ya madabodi ikawa moja, ya matundu 20 na baadaye 24, na kitufe hakikati tena umeme. Kinaomba tu.

Kuomba huko ndiko kiini cha uchunguzi wote, kwa hiyo tukifuate hatua kwa hatua. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani lakini haijawashwa, sehemu moja ya pawa saplai iko macho. Inatoa volti 5 za akiba kupitia waya wa zambarau, saa 24, usiku na mchana. Ukibonyeza kitufe, madabodi inaunganisha waya wa kijani na nyaya nyeusi, ambazo mafundi huziita grandi. Hilo ndilo ombi. Pawa saplai ikiliona, inaamsha volti zake zote: nyaya za njano 12, nyekundu 5, za rangi ya chungwa 3.3, na waya wa bluu hasi 12. Kisha inajikagua. Ikiridhika kwamba volti zake zimetulia, inapeleka ishara kupitia waya wa kijivu, ishara iitwayo PWR_OK, na muda kati ya volti kusimama na ishara kutoka ni kati ya milisekunde 100 na 500. Ishara hiyo isipofika, madabodi hairuhusu prosesa kuanza kazi, hata kama feni zote zinazunguka na taa zote zinawaka. Basi feni inatuambia kwamba ombi limesikika. Haituambii kwamba limetimizwa.

Kabla ya kushika mita, uliza. Mama mmoja mwenye duka la steshenari alileta kompyuta kwenye karakana ninayoifahamu, na mazungumzo yalikuwa hivi:

"Fundi, mashine yangu imekufa kabisa."

"Pole, mama. Ilizima ikiwa kazini, au uliikuta asubuhi haiwaki?"

"Niliikuta asubuhi. Jana usiku umeme ulikatika."

"Uliporudi, ulirudi moja kwa moja au ulikuja ukakata tena?"

"Ulikuja, ukakata, ukaja tena. Mara tatu hivi. Na friji ya jirani nayo imegoma."

"Na kabla ya jana, ilikuwa inawaka vizuri tu?"

"Hapana, mwanangu. Tangu mwezi uliopita ukiibonyeza mara ya kwanza haiwaki. Mpaka uirudie rudie."

Majibu hayo yana thamani kuliko nusu ya vipimo. Friji ya jirani inasema kulikuwa na kishindo cha umeme. Lakini jibu la mwisho linasema jambo zito zaidi: pawa saplai ilikuwa inachoka tangu mwezi uliopita, na kishindo kilimalizia tu. Kompyuta inayohitaji kubonyezwa mara kadhaa hadi iwake, ikishawaka inafanya kazi kutwa nzima, karibu kila mara ina kapasita zilizochakaa. Zikipata joto zinaamka kidogo, zikipoa zinalala. Asiyeuliza hatalijua hilo, kwa sababu kompyuta ikifika karakana mchana wa joto inaweza kuwaka mara ya kwanza, na mteja akarudishwa nyumbani na kuambiwa haina shida.

Baada ya kuuliza, tazama. Swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai iko kwenye alama ya I? Waya wa ukutani umejaribiwa kwenye kifaa kingine? Je, kuna kitaa kidogo kinachowaka kwenye madabodi, au kwenye tundu la waya wa mtandao? Kikiwaka, volti 5 za akiba zipo, na kompyuta "iliyokufa kabisa" haijafa kabisa. Angalia pia plagi ya volti 12 iliyo karibu na prosesa, ya matundu 4 au 8. Ilianza mwaka 2000, zama za Pentium 4, prosesa zilipohitaji umeme mwingi kuliko plagi kuu ilivyoweza kubeba. Ikisahaulika wakati wa kufunga kompyuta, feni zote huzunguka na skrini hubaki nyeusi, na watu hutupa vifaa vizima.

Sasa mita. Iweke kwenye DC, kipimo cha volti 20. Ncha nyeusi iguse waya wowote mweusi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi kuu, pale waya unapozama, plagi ikiwa imechomekwa kwenye madabodi kama kawaida. Ukipima plagi ikiwa inaning'inia hewani unapima kitu kingine, kama tutakavyoona. Kwenye plagi ya matundu 24, zambarau ni tundu la 9, kijivu la 8, kijani la 16. Namba ni muhimu kwa sababu pawa saplai mpya nyingi zina nyaya nyeusi tupu, na hapo rangi haikusaidii.

Anza na zambarau. Inatakiwa kati ya volti 4.75 na 5.25. Ikiwa hakuna kitu, chomoa plagi kutoka madabodi na upime tena. Volti zikirudi, mara nyingi madabodi ndiyo inayozivuta chini, si kosa la pawa saplai. Zisiporudi, pawa saplai imekufa na kazi imeisha. Ikiwa zipo lakini ni 4.3 au zinacheza, umepata ugonjwa unaopita machoni mwa wengi. Sehemu hii ya akiba haipumziki maadamu waya uko ukutani, kwa hiyo kapasita zake ndogo mara nyingi huchakaa kabla ya nyingine zote.

Kisha hamia kwenye kijani. Hapa nawasihi mafundi vijana wakae kidogo, kwa kuwa kipimo hiki cha sekunde kumi kinamaliza ubishi ambao ungechukua siku nzima. Kompyuta ikiwa imezimwa, waya wa kijani unaonyesha volti kadhaa, mara nyingi karibu na 5. Mwambie mwenzio abonyeze kitufe huku wewe ukitazama mita. Kama namba haishuki, ombi halijatoka: kitufe kimeharibika, waya wake umechomoka, au madabodi ina shida. Pawa saplai haijaulizwa chochote, utaihukumuje? Kama namba inashuka hadi karibu na sifuri na kubaki hapo, lakini nyaya za njano hazipandi, ombi limefika na pawa saplai imeshindwa kulijibu. Na kama feni inashtuka nusu mzunguko kisha inasimama, pawa saplai imejibu, imekuta shoti mahali fulani, ikajizima kujilinda. Mahali hapo huenda ni ndani yake, na huenda ni kwenye madabodi, diski, au hata waya wa USB uliopinda mbele ya kasha. Chomoa vyote, ubaki na madabodi na prosesa, ujaribu, kisha urudishe kimoja kimoja.

Kijani kikishuka na njano zikapanda na feni zikazunguka, lakini skrini ni nyeusi, nenda kwenye kijivu. Kinatakiwa kupanda na kubaki juu, karibu na volti 5. Kikikaa chini, pawa saplai yenyewe inakiri kwamba volti zake hazijatulia. Kikipanda kikabaki juu, sasa ndiyo una haki ya kuanza kuishuku ramu.

Wengi wanakijua kipimo kingine, cha kibanio cha karatasi. Unachomoa plagi zote kutoka kwenye kompyuta, unakunja kibanio, unaunganisha tundu la 16 na la 17 lililo jirani yake, ambalo ni la waya mweusi, kisha unachomeka ukutani. Feni ikizunguka, watu wanasema pawa saplai ni nzima. Kipimo hiki nakiheshimu kwa jambo moja: feni isipozunguka, hasa ukiwa umechomeka diski kuukuu ili kuwe na mzigo kidogo, karibu kila mara pawa saplai ni mbovu. Ikizunguka hujathibitisha kitu. Kuli wa bandarini akisimama wima mikono mitupu hujajua kama mgongo wake utalibeba gunia. Pawa saplai iliyochoka inaweza kukuonyesha volti 12.05 safi kabisa ikiwa haina mzigo, na ikaporomoka mara tu prosesa inapoanza kufanya kazi.

Kwa hiyo pima ikiwa imebeba. Washa kompyuta, acha ncha nyekundu kwenye waya wa njano, kisha ipe kazi nzito: fungua video kadhaa kwa pamoja, au endesha programu ya majaribio inayoichosha prosesa, na kama kuna kadi ya grafiki, mchezo unaoitumia. Tazama namba inavyokwenda. Kwa mujibu wa muundo wa ATX, volti 12 zinaruhusiwa kuwa kati ya 11.40 na 12.60, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47, yaani asilimia 5 juu au chini. Kinachonipa habari zaidi kuliko namba moja ni mwendo. Pawa saplai inayokaa 11.9 wakati wote, bila mzigo na ikiwa na mzigo, naiamini kuliko ile inayoanza 12.2 na kuporomoka hadi 11.5, ingawa zote mbili ziko ndani ya mipaka.

Mita ya kawaida ina upofu wake. Inaonyesha wastani, na haioni mawimbi ya haraka yanayopanda juu ya volti. Muundo wa ATX unaruhusu mawimbi hayo yasizidi milivolti 120 kwenye volti 12, na milivolti 50 kwenye volti 5 na 3.3. Yakizidi, kompyuta hukwama bila sababu, faili huharibika wakati wa kuandikwa kwenye diski, Windows huonyesha skrini ya bluu yenye sababu tofauti kila siku, na mita yako inasema 12.03. Kuyaona kunahitaji osiloskopu, na karakana nyingi hazina. Hapo ndipo kipimo cha mwisho kinapoingia, nacho ni kufunga pawa saplai nyingine unayoijua kuwa ni nzima, na kuiacha kompyuta ifanye kazi ileile iliyokuwa ikiishinda. Karakana inayojiheshimu hutunza pawa saplai moja nzuri kwa ajili hiyo na haiiuzi, hata mteja akiiomba vipi.

Mawimbi hayo, pamoja na kuchelewa kuwaka, chanzo chake kikubwa ni kapasita. Ndani ya kapasita za kimiminika mna majimaji ambayo hukauka polepole, na joto ndilo linaloharakisha. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Ndiyo maana kuna kapasita zilizoandikwa 85°C na nyingine 105°C, na ndiyo maana vumbi ni adui mkubwa: pawa saplai ya duka lililo kando ya barabara ya vumbi, feni yake ikiwa imefunikwa na blanketi la kijivu, inazeeka haraka kuliko pacha wake aliyeko kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilikumbwa na kapasita zenye majimaji mabaya, nyingi zilizotengenezwa Taiwan, zilizovimba na kupasuka kabla ya wakati kwenye madabodi na pawa saplai. Dalili ni zilezile mpaka leo: kichwa cha kapasita kimetuna badala ya kuwa bapa, au kuna utomvu wa kahawia chini yake. Unaweza kuziona kwenye madabodi bila kufungua chochote cha hatari, na kwa pawa saplai unaweza kuchungulia kwa tochi kupitia matundu ya hewa.

Kapasita kubwa ya mlangoni ikichoka huleta dalili nyingine, inayowachanganya watu wa Afrika Mashariki kuliko wengine kwa sababu ya umeme wetu. Mteja analalamika: nina UPS, betri yake mpya, lakini umeme ukikatika kompyuta inazima na kuwaka upya, ilhali taa ya UPS inawaka. Analaumu UPS. UPS za bei nafuu huchukua milisekunde chache kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda wa betri, na katika pengo hilo pawa saplai inaishi kwa chaji iliyo kwenye kapasita kubwa. Muundo wa ATX kwa miaka mingi uliitaka pawa saplai ihimili pengo la milisekunde 17 hivi ikiwa na mzigo kamili. Kapasita ikishapoteza uwezo, muda huo unafupika, na siku moja unakuwa mfupi kuliko pengo la UPS. Namna ya kuamua ni rahisi. Chomeka kompyuta nyingine kwenye UPS ileile, chomoa UPS ukutani. Kompyuta ya pili ikiendelea bila kushtuka, pawa saplai ya kwanza ndiyo iliyochoka.

Kompyuta inayozima saa moja jioni, ile ya mwanzo wa sura, ina kisa kinachofanana na hicho. Jioni mtaa mzima unapika, unapiga pasi na kuwasha taa, na volti za mwisho wa laini hushuka. Pima soketi kwa mita ikiwa kwenye AC, kipimo cha juu kabisa, saa ileile inayosumbua. Soma pia kibandiko cha pawa saplai: iliyoandikwa 100–240V itavumilia mshuko mkubwa, iliyoandikwa 200–240V haitavumilia. Lakini hata inayovumilia hulipa gharama, kwa sababu volti zikishuka inavuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe wati zilezile, na mkondo mkubwa ni joto.

Kuna tatizo jingine ambalo pawa saplai hulaumiwa bila kosa, nalo ni kompyuta "inayopiga shoti" ukigusa kasha. Kwenye kichujio cha mlangoni kuna kapasita ndogo mbili, moja kutoka waya wa moto, moja kutoka nyutro, na zote zinaishia kwenye chuma cha kasha, ambacho kinatakiwa kuunganishwa na ethi. Nyumba isiyo na ethi, au ekstensheni ambayo pini yake ya tatu haijaunganishwa popote, inaliacha kasha likielea katikati, na mita itakuonyesha karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115, kati ya kasha na ardhi. Mkondo wake ni mdogo sana, unatekenya tu, na hakuna pawa saplai mpya itakayouondoa. Dawa ni ethi. Nasisitiza hili kwa sababu mbili. Ukichomeka waya wa printa au wa skrini kati ya vifaa viwili visivyo na ethi, cheche ndogo itakayoruka inaweza kuua matundu ya vifaa hivyo. Na siku pawa saplai itakapovujisha umeme kwelikweli, ethi ndiyo itakayomlinda mtoto aliyeegemea kasha.

Kwa kompyuta zilizotumika ng'ambo, ambazo ni nyingi Kariakoo na Luthuli Avenue, tazama nyuma kabla ya kuchomeka. Pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, huwa imewekwa 115, na katika nafasi hiyo saketi ya ndani huzidisha volti mara mbili. Ukiipa 230, kapasita mbili za mlangoni, ambazo kwa kawaida zimeandikwa volti 200 kila moja, zinapata 325 kila moja. Kinachofuata ni mlipuko na moshi. Mara nyingi kompyuta yenyewe inapona, kwa hiyo usiitupe; funga pawa saplai nyingine uipime. Na usishawishike kubadilisha fyuzi pekee, maana fyuzi iliyoungua na kuwa nyeusi imekatwa na shoti ambayo bado ipo.

Hukumu ikishatoka na pawa saplai ikaonekana ina hatia, kuwa mwangalifu na unachofunga. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP zina plagi zao wenyewe, na baadhi ya Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na plagi iliyofanana kabisa na ya ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti, kiasi cha kuiunguza madabodi. Kwa pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa, kamwe usichanganye nyaya za kampuni moja na sanduku la nyingine. Upande wa sanduku hauna mpangilio wa pamoja, na diski nyingi zimekufa kwa namna hiyo. Soma kibandiko pia, na usisome namba kubwa. Sanduku lililoandikwa wati 500 ambalo mstari wake wa volti 12 unasema ampia 16 linatoa wati 192 kwenye volti 12, na volti 12 ndizo zinazolisha prosesa na kadi ya grafiki.

Ukimaliza kufunga, rudia vipimo vilevile kwenye pawa saplai mpya: zambarau ikiwa imezimwa, kisha njano, nyekundu na chungwa, bila mzigo na ikiwa na mzigo. Ziandike namba hizo kwenye kipande cha selotepu ya karatasi pamoja na tarehe, ukibandike ndani ya kifuniko cha kasha. Fundi atakayeifungua kompyuta hiyo miaka mitatu baadaye, pengine ni wewe mwenyewe, atapima njano, atakuta 11.6, atatazama kibandiko, ataona ilikuwa 12.1.